Haki ya Mikono



Miongoni mwa viungo saba ambavyo Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kusujudu juu yake, viwili ni mikono yetu. Twaanza na hilo kwa sababu mazungumzo ya wiki hii, ya maumivu ya mikono na vifundo vyake yanayowapata wanaofanya mazoezi kwa mashine ya kupiga makasia, yangeweza kudhaniwa kuwa ni mambo ya watu wenye nafasi na fedha za kuchezea. Kwetu hayakuwa hivyo. Wengi wetu tuliyahisi maumivu hayo mara ya kwanza tukiwa juu ya mswala, pale mtu anapoinuka kutoka sijida kwa kuegemea viganja, kama tulivyofunzwa na walimu wetu tangu chuoni. Kiungo kinachouma hapo kinamgusa mja katika ibada yake, na jambo la namna hiyo halistahili kupuuzwa kwa kuambiwa litaisha lenyewe.

Sisi ni wanawake tisa wa mtaa mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa. Wamo miongoni mwetu mabibi wenye wajukuu, na wamo wake wachanga ambao hina ya arusi ingali kwenye kucha zao. Tuna chama chetu cha kila mwezi kama wengi wenu mlivyo navyo, na mwaka juzi, badala ya kugawana fedha zote, tuliafikiana tununue mashine hiyo, ambayo haikuwa mpya, kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama. Imewekwa katika chumba cha juu cha nyumba ya mmoja wetu, mahali penye sitara, ambapo mtu aweza kuvua buibui na kutoka jasho bila ya kuangaliwa. Wanaoweza kutembea Mama Ngina baada ya Alfajiri bado huenda, na twawaombea afya. Lakini yuko ambaye magoti hayamruhusu mwendo mrefu, yuko mwenye mtoto wa kunyonya ambaye hawezi kwenda mbali na nyumba, na yuko shangazi yetu mwenye maradhi ya sukari, ambaye daktari alimwambia kwa maneno makavu kwamba dawa peke yake haitoshi, mwili lazima utikisike.

Kwa ambaye hajaiona mashine yenyewe: ni reli ndefu iliyolala karibu na sakafu, na juu yake huteleza kiti kidogo chenye magurudumu. Mbele pana vikanyagio viwili vya kufungia miguu, na mbele zaidi pana gurudumu la upepo lililofunikwa, lenye mnyororo unaoishia kwenye mshikio wa kushikwa kwa mikono miwili. Mtu hujisukuma nyuma kwa miguu huku akivuta mshikio, kisha hurejea mbele, na kila avutapo gurudumu huvuma kama upepo kwenye tanga. Makasia yenyewe hayamo, wala maji. Ndugu wawili wa Marekani, Dick na Peter Dreissigacker, waliokuwa wakitengeneza makasia katika jimbo la Vermont, ndio waliotoa mwaka 1981 mashine iliyokuja kuenea duniani. Ile ya kwanza waliiunda kwa gurudumu la baiskeli. Wapiga makasia wa nchi za baridi walihitaji kitu cha kuwaweka mazoezini wakati maji ya kwao yameganda. Huku kwetu maji hayagandi. Kinachotuweka ndani ni mengine.

Lugha yetu hutofautisha kasia na kafi, na tofauti hiyo ina faida hapa. Mwenye kafi hutazama mbele aendako, na kazi kubwa huwa ya mikono na mabega. Mwenye kasia huketi ameipa njia mgongo, kasia limefungwa kwenye kishwara, na nguvu yake huanzia miguuni anapokanyaga. Mashine hii ni ya kasia. Wengi hukaa juu yake wakaitendea kama kafi, na hapo ndipo mikono inapolipa deni lisilo lake.

Maumivu ya mikono nayo si ya namna moja. Malengelenge tutayapita haraka: ngozi laini ikisuguliwa na mshikio huumuka maji, na lengelenge dogo halitumbuliwi, huoshwa likafunikwa. Likipasuka lenyewe husafishwa na kufungwa kwa kitambaa safi. Baada ya wiki kadhaa pahali hapo huota sugu na habari ikaisha. Mwenye sukari tu ndiye asiyefaa kulidharau hata lile dogo, kwani kidonda chake huchelewa kupona.

Yaliyotusumbua ni mengine. Mmoja wetu, mama wa mtoto wa miezi mitatu, alianza kuhisi kisu upande wa kidole gumba, pale kifundo kinapokutana na kiganja. Akifungua kifuniko cha chupa, kisu. Akimnyanyua mtoto kwa kumtia mikono makwapani, kisu. Akivuta mashine dakika 10, hawezi tena kukikunja kidole gumba ndani ya ngumi. Nyumbani kwao maneno yalikuwa mengi. Ilisemwa kwamba mwenye nguvu za kupiga makasia hakosi nguvu za kukuna nazi, na kwamba mkono unaouma jikoni tu ni mkono wa uvivu. Twayaandika haya kwa sababu twajua si nyumba hiyo pekee yanakosemwa.

Maradhi hayo yana jina, alilolipatia daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliyeyaeleza mwaka 1895. Kano mbili zinazokiendesha kidole gumba hupita katika ala nyembamba pembeni mwa kifundo, mfano wa kamba ipitayo katika upindo wa suruali. Ala ikivimba, kano hukwaruza kila zipitapo. Huwapata sana kina mama wenye watoto wachanga, kwa sababu ya kule kumnyanyua mtoto kwa vidole gumba vilivyotanuliwa, mchana na usiku, mara baada ya mara. Basi binti yule alikuja na maradhi yake kutoka kitandani kwa mtoto, na mashine ikayadhihirisha.

Shangazi yetu hakuwa na kisu. Alikuwa na ganzi. Usiku wa manane vidole vyake vilikuwa vikifa: kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho kilibaki kizima. Alikuwa akiamka na kuukung'uta mkono kama akung'utaye maji ya udhu, ganzi ikapungua, akalala, akaamka tena. Asubuhi kikombe cha chai kilimponyoka. Katika zahanati moja aliambiwa ni uzee, arudi nyumbani akapumzike. Lakini kule kuachwa kwa kidole cha mwisho kuna maana yake. Kifundoni mwa mkono iko njia nyembamba kama ushoroba wa Mji wa Kale, ambamo hupita kano tisa za kukunjia vidole pamoja na neva moja, na neva hiyo ndiyo ihudumiayo vidole vile vitatu na nusu. Njia ikisongamana, neva hubanwa. Hali hiyo huwapata zaidi wenye sukari, wenye matatizo ya tezi ya shingo, na wajawazito, ambao wengi wao huondokewa nayo baada ya kujifungua. Kukunja kifundo na kubana kitu kwa nguvu huzidisha msongamano, na mashine ya makasia, ikishikwa vibaya, huleta yote mawili kwa pamoja.

Shangazi alitaka kuacha. Kwake, kuacha mashine kulikuwa ni kurudi kwenye kiti cha barazani na kuisubiri sukari ipande. Na lilikuwako jambo jingine ambalo alilisema kwa sauti ya chini: tasbihi azihesabuzo kwa vidole baada ya sala, kama ilivyo sunna, zilikuwa zikimpotea, kwa maana hakuvihisi vidole alivyokuwa akivikunja.

Tulimwomba mwanamke mmoja, mtaalamu wa tiba ya viungo, aje atutazame. Tulimtarajia aanze na mashine. Hakuigusa. Aliketi nasi mkekani akauliza: "Kabla ya kukaa hapa leo, mikono hii imefanya nini?"

Swali hilo lilichukua karibu saa nzima kujibiwa. Mmoja alikuwa amekanda kilo mbili za unga wa mahamri watoto hawajaamka. Mwingine alikuwa amekuna nazi tatu kwa mbuzi, akakamua tui kwa mkono, la kwanza na la pili. Mwingine amefua sare za shule za watoto wanne. Na kukamua nguo, mkono huu ukienda huku na ule ukienda kule, ni kazi ikipindayo kifundo kuliko nyingi. Mwingine ni mshoni, mkasi haumtoki mkononi. Mama mchanga alikuwa amemnyanyua mtoto mara zisizo idadi. Juu ya hayo iko simu, inayobebwa kwa vidole vinne na kuandikiwa kwa kidole gumba hadi usizingizi unapokuja. Mtaalamu alikuwa akiandika kimya. Kisha akatufanyia hesabu nyepesi: mwenye kuvuta mara 22 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20, huwa ameuvuta mshikio mara 440. Ikiwa kila avutapo huubana kama akamuaye nguo, basi amekamua nguo mara 440 baada ya kutwa nzima ya kukamua nguo.

Waandishi wa maelezo ya mashine hizi, twaona, humfikiria mtu aliyetoka ofisini, ambaye mikono yake ilikuwa imelala juu ya meza. Mkono wa mwanamke wa pwani hufika mashineni umekwisha kufanya kazi ya siku.

Baada ya hapo ndipo alipotuketisha mmoja mmoja juu ya kiti. Mshikio, alisema, haubanwi kwa kiganja. Hutundikwa kwenye vidole. Vidole vinne hupinda kama ndoana, na kidole gumba hupumzika chini ya mshikio bila ya kukaza. Atakaye kujua kama anabana, na aviangalie vifundo vya vidole vyake: vikigeuka vyeupe, anabana. Mgongo wa kiganja na kigasha huwa mstari mmoja mnyoofu, tangu mwanzo wa mvuto hadi mwisho. Mikono hutengana kadiri ya upana wa mabega. Mshikio huvutwa hadi chini ya kifua, zinapoanzia mbavu za mwisho. Anayeuvuta hadi kidevuni hana budi kukunja kifundo, atake asitake. Visugudi hupita karibu na mbavu, visitanuke kama mbawa za kuku.

Na juu ya yote, mpangilio. Miguu kwanza, kisha kiwiliwili, kisha mikono. Na katika kurejea, mikono kwanza, kisha kiwiliwili, kisha magoti. Mvuto unapoanza, mikono imenyooka mfano wa kamba: kazi yake ni kuuunganisha mshikio na mwili, na mwili ndio ufanyao kazi. Sehemu kubwa ya nguvu hutoka mapajani. Mjomba wa mmoja wetu, aliyevua samaki Lamu miaka mingi, aliposimuliwa mafunzo hayo alicheka sana. Alisema kijana mgeni wa makasia hujulikana jioni wakati wa kula, kwa kuwa hawezi kufumbata tonge.

Lililotufaa zaidi lilikuwa dogo. Katika kurejea mbele, mshikio hauhitaji kushikwa kwa nguvu, kwani mnyororo wenyewe huuvuta. Basi vidole huchezwa kidogo juu yake, kama vya mtu anayehesabu nyuradi. Ni sekunde moja tu ya mapumziko. Lakini sekunde moja mara 440 ni zaidi ya dakika 7 ambazo mkono umepewa haki yake. Mtume (S.A.W.) alipomwona sahaba wake Abdullah bin Amr akijitaabisha kwa ibada pasi na kipimo, alimkumbusha kwamba hata mwili una haki kwa mwenyewe. Ikiwa ibada yenyewe iliwekewa mpaka kwa ajili ya mwili, mazoezi hayawezi kukosa mpaka.

Kando ya gurudumu pana wenzo wenye namba 1 hadi 10. Vijana wetu wanapopanda kuichezea mashine huukimbiza kwenye 10, wakidhani hapo ndipo pa mashujaa. Wenzo huo huzidisha tu hewa iingiayo kwenye gurudumu, na mvuto ukawa mzito na wa polepole kama wa mashua iliyojaa shehena. Mzigo huo hupokewa na vidole na vifundo kabla ya kufika popote. Kwetu hukaa baina ya 3 na 5, na kwa shangazi haupiti 3. Atakaye kuchoka zaidi na asukume zaidi kwa miguu.

Liko pia jambo la pwani ambalo watu wa Vermont hawakuwa na haja ya kulifikiria. Wakati wa kaskazi chumba kile cha juu huwa tanuri. Viganja hutoka jasho, mshikio huteleza, na mkono unaoteleza hubana bila ya kuambiwa. Mafuta ya nazi tunayojipaka nayo huleta hali hiyo hiyo. Siku hizi mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kukaa, taulo ndogo huwekwa karibu, na mshikio hufutwa kila mmoja amalizapo zamu. Pete na bangili huachwa katika sahani dirishani, kwa sababu vidole huvimba kwa joto na pete huchuna ngozi. Glovu nene hazikutupendeza: huufanya mshikio uwe mnene, na mkono ukazidi kubana. Hina haina neno, kwa wanaouliza. Ni rangi tu, haizuii maji ya udhu wala haitelezi.

Hayo yote, hata hivyo, yangekuwa bure lau mikono ingeendelea kuja imechoka vile vile. Ndipo mazungumzo yalipotoka chumba cha juu yakateremka majumbani, na huko ndiko kulikokuwa na ugumu.

Mama mkwe wa yule binti alikuja siku moja kuona ni mashine gani hiyo inayosemwa sana. Mtaalamu alikuwapo. Alimwomba binti afumbate kidole gumba ndani ya vidole vinne, kisha akaupindisha mkono taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Binti aliruka kutoka mkekani. Mama mkwe alinyamaza kidogo, akaunyoosha mkono wake mwenyewe naye afanyiwe vivyo hivyo. Hakuruka, hakuhisi ila mvutiko mdogo.

"Mwanangu," akasema, "mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, mama," binti akajibu, bila ya ukali.

Chumba kizima kilikaa kimya. Kisha mama mkwe akaomba aelezwe afanye nini, na tangu siku hiyo neno uvivu halikusikika tena katika nyumba ile. Nazi zao sasa hukunwa kwa mashine sokoni, na mama mkwe, ambaye miaka yote aliapa kwamba tui la nazi ya mashine halina ladha, asema ladha si mbaya. Mtoto hunyanyuliwa kwa kuingizwa vigasha chini yake, viganja vikitazama juu na vidole gumba vikiwa pamoja na wenzake. Binti alivalishwa banzi la kukituliza kidole gumba kwa wiki sita, na katika muda huo mshikio hakuugusa. Alipanda na kushuka ngazi za nyumba badala yake.

Nguo za kukamua zilileta mjadala mrefu zaidi. Katika nyumba moja kazi hiyo imepewa kijana wa miaka 14, aliyenung'unika wiki mbili kisha akazoea. Katika nyingine mume ndiye akamuaye usiku arudipo kazini, naye hataki jambo hilo litajwe, kwa hivyo hatutamtaja. Bi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akaeleza kwamba alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake. Hakuna miongoni mwa wanaume zetu aliye na shughuli nyingi kumshinda yeye. Kwa upande wetu tumekubaliana kwamba siku ya kufua si siku ya makasia, na mwenye kukanda unga mwingi asubuhi husubiri Alasiri.

Kuhusu wakandaji wetu, twawaheshimu, na wengi wetu tumelelewa mikononi mwao baada ya kujifungua. Lakini kano iliyovimba na kuwa na moto haitaki kukandwa kwa nguvu. Yataka kutulizwa, na barafu iliyofungwa katika kitambaa, dakika 10 hadi 15, isigusishwe kwenye ngozi moja kwa moja. Wala si busara kumeza dawa ya maumivu ili mtu apate kuvuta mashine: maumivu yaliyonyamazishwa hayazuii kano kuumia, na mwenye mimba, mwenye kunyonyesha, mwenye vidonda vya tumbo au maradhi ya figo na aulize kwanza kabla ya kumeza chochote.

Yako mambo ambayo hayangojei wiki ya pili. Ganzi inayomwamsha mtu usiku, au isiyoondoka mchana. Vitu kuponyoka mkononi. Nyama ya chini ya kidole gumba kuonekana imepungua. Uvimbe wenye joto na wekundu unaoenea, au usaha. Maumivu ya kifundo baada ya kuanguka, hata kama vidole vyacheza, kwani mfupa wa kifundo waweza kuvunjika na vidole vikaendelea kucheza. Huko hutakiwa picha. Na mkwaruzo unaosikika mgongoni mwa kigasha, juu kidogo ya kifundo, kila mkono unapopinda: huo ni uvimbe wa kano ujulikanao sana kwa wapiga makasia wa kweli, na dawa yake ya kwanza ni kuuweka mshikio chini. Anayeambiwa ni uzee tu, bila ya kuguswa mkono wala kuulizwa ni vidole vipi, ana haki ya kwenda kuuliza pengine.

Kuhusu banzi na bandeji wakati wa udhu, tuliuliza. Banzi linaloweza kuvuliwa bila ya dhara huvuliwa, mkono ukaoshwa kama kawaida. Ama bandeji iliyofungwa juu ya jeraha ambalo haliruhusu maji, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii husema kwamba palipo pazima paoshwe, bandeji ipakwe maji juu yake, na kutayammamu kuongezwe. Mambo haya yana ufafanuzi mrefu, na hali hutofautiana, kwa hivyo kila mmoja na amweleze sheikh wake jeraha lilivyo. Na aliyeshindwa kuukita mkono katika sijida, au kuinuka kwa kuuegemea, asijilazimishe kwa machozi bila ya kuuliza. Sahaba Imran bin Husayn aliyekuwa mgonjwa aliambiwa aswali kwa kadiri awezavyo, kusimama, kukaa, hata kulala kwa ubavu.

Shangazi alipelekwa kwa daktari mwingine, ambaye aliusikiliza mkono wake na kuvihesabu vidole vyake. Huvaa banzi la kukinyoosha kifundo anapolala, kwa sababu mtu alalapo hukunja kifundo pasi na kujua. Zamani aliamka mara tatu kwa usiku. Sasa huamka mara moja, na mara nyingine kwa ajili ya Tahajjud wala si kwa ganzi. Ameambiwa upo upasuaji mdogo wa kuipanua ile njia iwapo hali itarudi, naye amesema likija litatazamwa. Juu ya mashine huvuta dakika 8, akafungua vidole na kunywa maji, akavuta nyingine 8. Tasbihi zake hazimpotei sana, ingawa zikifika katikati hupunguza mwendo.

Zamu yake ni Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, baina ya Alasiri na Magharibi. Yule mama mchanga amerudi Jumatano, na mtoto hushikwa na mama mkwe wakati wa zamu yake. Dada zetu wa jirani wanaotaka kuja kutazama, au kujaribu, wanakaribishwa siku hizo. Waje na taulo zao ndogo, na pete waziache nyumbani.

Wabillahi tawfiq.